Huko Kila Kitu Hurudishwa

Homa Bay,
14 Aprili 2024

Dani, bibi yangu Turfena,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili. Natumaini goti limepoa na kuku wa jirani yako Nyakerario wameacha kuingia kwenye mtama wako. Mimi ni mzima. Chumba changu hapa karibu na chuo kinavuja upande mmoja tu, nami nimesogeza kitanda upande wa pili. Mwambie mama sweta imenifikia, na wale wadogo wawili nikija nitawaletea kalamu za rangi.

Kwa kuwa bado hutaki simu, barua hii nimempa dereva wa pikapu ya Mzee Abdullah mwenye duka, anayekuja huku kuchukua mabati. Sumayya atakusomea dukani kwa baba yake. Sumayya, salamu kwako pia. Msomee polepole, na akikukatiza mwache akukatize.

Dani, jambo lenyewe ni hili. Nimechaguliwa. Wanafunzi wa nchi nyingi waliomba, na mimi wa Uriri nimechaguliwa kwenda Antaktika. Ni bara lililo chini kabisa ya dunia, upande wa kusini, na lote ni barafu. Si barafu ya kupozea soda. Barafu nene kama mlima, na chini yake kuna maziwa ambayo hayajaona jua tangu kabla ya watu. Tutatoboa, tuteremshe bomba, tuchote matope ya chini kabisa. Matope ya ziwa hayasahau, Dani, kila kilichozama kimo. Ndiyo kazi niliyojifunza hapa kwa matope ya ziwa letu. Tunaondoka Novemba, tunarudi Machi.

Lakini sitaki kwenda kabla hujanitemea mate ya baraka kifuani, kama ulivyofanya nilipokwenda sekondari. Nitakuja kabla ya safari. Niambie utanibariki.

Mjukuu wako,
Orpah

*

Uriri,
2 Mei 2024

Nyakwara, mtoto wa mwanangu,

Amosi, nakusalimu. Anayeshika kalamu ni Sumayya, maneno ni yangu. Alitaka kuanza na "mjukuu wangu mpendwa" nikamwambia futa hiyo, sijawahi kukuita hivyo na hutanijua.

Goti halijapoa. La mzee halipoi, linabadilisha tu namna ya kuuma. Mtama umeliwa. Nyakerario alikuja kuomba msamaha kwa ajili ya kuku wake, akakaa mpaka jioni, akala chakula changu. Kwa hiyo nimeliwa na kuku na mwenye kuku. Mama yako hajambo, amevuna karanga nyingi, mgongo unamsumbua. Wadogo zako wanapigana kila siku, ni wazima.

Umetaja simu. Nimeshakuambia. Mwaka ule ziwa lilipomchukua babako, simu ilisema yuko hai. Siku hiyo hiyo wakamleta Omosa, mwana wa Nyakerario, amekufa, na babako hakuletwa. Nikaitupa chooni. Karatasi nikitaka nisomewe tena inasema yale yale.

Sasa hiyo safari. Wasichana wenzako wanatafuta mume, wewe unatafuta barafu. Sawa, mume naye hupoa. Nina maswali. Mnalala wapi. Mnakula nini. Mnakojoa wapi kama kote ni barafu. Na mtu akifa huko analetwa kwao au anaachwa? Hilo la mwisho ulijibu kwanza.

Unajua kaburi la babako Obura lina nini ndani. Ulikuwa mtoto lakini ulikuwepo. Mwili haukupatikana, na kwetu mtu hazikwi kwa maneno matupu. Wazee walichuma tunda la yago kutoka mti ule wa mpakani, lile refu linaloning'inia, wakalivika shati lake jeupe, wakalizika mahali pake. Nimekaa na tunda bomani mwangu miaka hii yote. Sina nafasi ya tunda la pili.

Habari ya mate, nitaona.

Dani yako,
Turfena

*

Homa Bay,
9 Juni 2024

Dani,

Pole kwa goti na kwa mtama. Hapa mvua imekatika na chumba hakivuji tena.

Najibu la mwisho kwanza. Huko hakuna kinachoachwa. Ni sheria ya nchi zote. Taka zinarudishwa, vyuma vinarudishwa, hata mkojo tunaubeba kwenye chupa mpaka melini. Mtu akipatwa na lolote anarudishwa kwao. Kwa hiyo tulia.

Tunalala kwenye mahema yenye sakafu nene. Tunakula vyakula vya mikebe, na nimeambiwa chokoleti ni nyingi. Daktari ameshanipima. Alining'oa magego mawili ya nyuma ambayo hayakuwa yakiniuma, kwa sababu huko hakuna wa kung'oa likianza kuuma. Shavu lilivimba kama andazi.

Nimepata pia kibarua cha kujifunza baridi. Kuna kiwanda cha samaki hapa mjini chenye chumba cha kugandishia. Jioni naingia kupanga minofu ya mbuta, nakaa humo mpaka kope zinashikana. Wenzangu wanavaa koti mbili, mimi navaa moja makusudi. Mama mmoja wa humo ananiita Maiti. Ananiuliza kila siku, "Maiti, leo unafufuka saa ngapi?"

Mwezi ujao tunakwenda kisiwani Takawiri kufanya mazoezi ya bomba tukiwa juu ya mashua. Nikirudi nitakuandikia.

Orpah

*

Uriri,
30 Juni 2024

Nyakwara,

Amosi. Sumayya amecheka sana habari ya chupa, ilibidi baba yake aje aone kuna nini. Mimi sikucheka. Nimefikiria. Mkojo wa wazungu unarudi nyumbani kwa meli, na mwanangu hakurudi kutoka ziwa ninaloweza kuliendea kwa boda.

Kuhusu meno. Mimi nilipokuwa msichana waling'oa sita ya chini, mbele, siku moja, kwa chuma, na nikikohoa tu naambiwa nimelia. Walisema ni ili nikifia ugenini Wajaluo wenzangu wanione mdomo wanijue, wanilete kwetu. Wewe wameng'oa mawili ya nyuma ambayo hakuna atakayeyaona. Hiyo ni hasara tupu. Shavu likandie maji ya chumvi.

Huyo mama wa kiwandani mwambie nimesema anyamaze. Mtoto wa mtu haitwi hivyo hata kwa mzaha.

Sasa Takawiri. Usiende Takawiri. Ziwa ni kubwa, bomba lenu mnaweza kulizamisha popote, hapo hapo Homa Bay kuna matope ya kutosha nchi nzima. Takawiri kuna upepo na mbu, na watu wa kule siwapendi. Sitaki kueleza zaidi. Mwambie mwalimu wako bibi yako amekataa.

Mama yako mgongo umepata nafuu.

Turfena

*

Homa Bay,
4 Agosti 2024

Dani,

Natumaini nyote ni wazima, nasi tu wazima. Barua yako ilinifikia nikiwa nimesharudi kutoka kisiwani.

Bomba lilifanya kazi. Pale ufukweni kuna mshona nyavu anayeitwa Chrispine. Watu wanasema alikuja mwaka jana kutoka upande wa Uganda, hana mke, hapandi mashua kamwe. Siku ya pili nilikuwa nimeinama, matope mpaka kwenye viwiko, akanijia akasimama. Akasema, "Bado unachezea matope."

Unamjua mtu aliyekuwa akiniambia hivyo, Dani? Mimi namjua mmoja.

Nina swali ambalo wenzangu chuoni hawawezi kunijibu. Tunda likishazikwa badala ya mtu, linaweza kufukuliwa?

Sijalala vizuri tangu nirudi.

Orpah

*

Rodi Kopany,
13 Agosti 2024

Nyakwara,

Barua hii haijui Sumayya. Nimepanda gari na goti langu mpaka Rodi Kopany, kwa mzee wa Kikuria anayeitwa Mniko, anapigia watu chapa kwenye kompyuta karibu na soko. Hanijui, simjui, hajui kwetu. Nyakerario hununua chumvi dukani kwa kina Sumayya, na Sumayya ni mtoto, sitaki kumtwika. Ukijibu, jibu kwa Mniko. Nitakuja siku za soko nisomewe.

Mama yako hajambo. Watoto wake wawili hawajambo. Nimeanza na hao kwa sababu wao ndio jambo lenyewe.

Umemwona babako. Nilijua kuna hatari hiyo tangu ulipotaja Takawiri. Wachuuzi wa omena, dagaa wa ziwa letu, walishaniletea habari ya mshona nyavu mwenye mwendo wa marehemu mume wangu.

Sikiliza. Simu haikuniongopea. Ile ilikuwa sauti yake mwenyewe. Ilikuwa mchana. Walikuwa wamemtua Omosa kwenye nyasi mbele ya nyumba ya mama yake, maji bado yanamtoka puani, na Nyakerario amenishika kiuno analia, "Wetu wote wawili, Turfena, wetu wote wawili." Simu ikalia ndani ya leso. Nikasogea kando. Akasema, "Mama, niko hai." Nikamuuliza umetokaje. Akaniambia. Mashua ilipinduka. Kulikuwa na mtungi mmoja wa plastiki, ule wa manjano wa kubebea maji, ndio uliokuwa ukielea. Omosa ndiye aliyeushika kwanza. Omosa hakujua kuogelea, babako alijua. Babako alimbandua vidole. Ni maneno yake, siongezi: "Nilimbandua vidole, Mama, alikuwa anauzamisha." Kisha akauliza, "Nije?"

Nikasema, "Usije."

Akauliza tena kama mtoto anayeomba maji, "Nisije kabisa?" Nikasema, "Kabisa." Nikaitupa simu chooni, nikarudi kwa Nyakerario, nikamshika, tukalia. Watu nikawaambia kuna mtu amepiga akasema yuko hai, tungoje. Tukangoja hakuja, kwa sababu mimi nilijua haji. Nikawaambia wazee wachume yago. Nililiosha mwenyewe, nikalifunga vifungo vya shati mwenyewe.

Sasa unaniuliza kama linafukuliwa. Halifukuliwi. Aliyezikiwa yago amekwisha. Akivuka lango la boma lake anaingia na kifo cha watu walio ndani. Na hata ukisema hizo ni mila za wazee, haya, weka mila kando. Mama yako alirithiwa na ndugu yake babako, mbele ya watu, wakazaa. Huyu akirudi, wale watoto ni wa nani? Mama yako ni mke wa nani? Na Nyakerario kila mwaka huja kukaa na mimi penye kaburi la tunda. Yeye anamlilia wangu, mimi namlilia wake. Atakaa wapi?

Sikuambii haya ili unihurumie au nikuhurumie. Ingetokea leo ningesema vile vile.

Mniko ameacha kupiga chapa mara mbili akaniangalia. Nimemwambia endelea, kazi yako ni vidole. Kisha nikasikia nilichosema.

Turfena

*

Homa Bay,
1 Septemba 2024

Dani,

Mzee Mniko, nakuomba umsomee kila neno.

Sina salamu. Nilijaribu kuziandika hazikuja.

Unakumbuka nilipofaulu mtihani wa darasa la nane nilikimbia wapi kwanza? Kwenye kaburi. Nililala kifudifudi nikamwambia baba alama zangu, somo baada ya somo. Nilipovunja ungo nilimwambia yeye kabla ya kumwambia mama. Wakati wa kiangazi nilipeleka maji nikamwagia maua. Wewe ulikuwa umekaa kwenye kizingiti unapeta mtama, unanitazama. Ulinitazama nikiongea na tunda, Dani. Miaka yote hiyo hukuniambia hata siku moja, Orpah, inuka, humo hamna mtu.

Nilirudi Takawiri. Baba aliniambia habari ya vidole kabla sijamuuliza, na hakutafuta maneno mazuri. Sikio lake moja halisikii. Mashua hapandi, alivuka kuja kisiwani amelala chini kama mgonjwa, na tangu hapo hajatoka. Aliuliza kama bado unatia chumvi nyingi kwenye mboga. Aliuliza kama nina kaka au dada, nikasema wawili, akasema, "Vizuri." Alinishonea mfuko wa nyavu wa kubebea chupa zangu za matope, nitakwenda nao barafuni.

Alifanya kitu kibaya sana. Najua. Lakini ulimhukumu kwa simu, peke yako, na hukumuuliza mtu. Ulituzikia mtu aliye hai.

Novemba nakuja kuaga. Nakuja naye. Atasimama tu mbele yako, umwone. Kama haingii yeye, mimi pia siingii.

Orpah

*

Rodi Kopany,
22 Septemba 2024

Nyakwara,

Nimesomewa. Nimesema nisomewe tena, nikasomewa.

Ulipokuwa unaongea na kaburi ulikuwa unainuka umefuta machozi, unakuja kula. Watoto wa wenzangu waliofiwa hawakuwa wanakula. Ndiyo maana sikukuinua.

Sasa mlete. Sitafunga lango. Siku hiyo nitamwita Nyakerario nimkalishe kwenye kigoda hapo hapo langoni, na wewe utamwambia habari ya vidole vya Omosa. Wewe, kwa mdomo wako, kwa sababu umesoma na unajua kueleza mambo. Mimi sitasema neno, na babako hatasema. Ukimaliza, na Nyakerario akisema aingie, ataingia.

Ukishindwa kumwambia, basi ujue nilichoshindwa mimi, na usiniite hakimu tena.

Na usiponiletea kitu cha namna hiyo ukaja peke yako, mate yapo.

Mama yako anauliza mbona huandiki. Mwandikie.

Turfena

*

Cape Town,
12 Novemba 2024

Dani,

Hii naituma kwa barua pepe kwa Mzee Mniko, akuchapie na kukusomea. Natumaini goti linaruhusu kufika sokoni. Tupo kwenye mji wa bandari kusini kabisa mwa Afrika, tunangoja meli. Upepo wa hapa unasukuma mtu barabarani. Nimepewa koti jekundu na viatu vizito kama mawe ya kusagia.

Ninajua ulingoja. Sumayya aliniambia ulichinja kuku, na kwamba ulimkataza mtu yeyote kukaa kwenye kile kigoda.

Nilifika Rodi Kopany, na baba nikiwa naye. Kuvuka kutoka kisiwani alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili, amefumba macho njia yote. Alikuwa amenyoa, amevaa shati jeupe jipya, hata mikunjo ya dukani haijatoka. Tukakaa kwenye benchi karibu na wauza ndizi. Nilikuwa nimejifunza maneno ya kumwambia Nyakerario. Niliyasema moyoni njia nzima. Pale kwenye benchi nikaanza kuyasema kwa sauti, nijaribu, na nilipofika kwenye neno vidole sikuweza kuendelea. Baba akasema, "Nenda peke yako, nyathina, mwanangu. Bibi yako ana haki." Nikakataa. Kwenda peke yangu ilikuwa ni kumzika mara ya pili, na safari hii ningekuwa mimi ninayefunga vifungo. Tukakaa hapo mpaka wauza ndizi wakafunga. Kisha nikapanda basi la Nairobi. Sikukuletea mtu na sikuja. Nimewaacha wote wawili.

Kwa hiyo nakwenda bila mate.

Jana tulifundishwa kamba. Huko barafu ina nyufa zilizofunikwa na theluji, hutaziona mpaka umekanyaga. Tunatembea tumefungwa kamba moja. Mkufunzi alisema mmoja akitumbukia wengine wamshikilie, lakini kuna wakati anawavuta wote, na hapo wa juu yake anakata. Alituonyesha kisu kinapokaa. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Na aliyekata anafanya nini baadaye?" Mkufunzi akasema hilo halimo kwenye somo. Nikamfikiria baba. Kisha nikakufikiria wewe, na ukakaa kichwani muda mrefu kuliko yeye.

Jambo moja nilikudanganya. Nilisema kila mtu hurudishwa. Mkojo hurudishwa. Watu walioanguka kwenye nyufa, wapo ambao hawajatolewa mpaka leo.

Nikipotelea humo usihangaike. Chuma tunda. Umeshazoea.

Orpah

*

Rodi Kopany,
3 Desemba 2024

Nyakwara,

Amosi, amosi tena. Mama yako hajambo, mgongo unauma kwa sababu tunalima. Mdogo wako wa kiume amevunja kalamu ya bluu ya shule na analia kama amevunja mkono. Mvua ni nyingi. Kuku uliyemkosa tulimla siku ya pili, alikuwa mnono, umepata hasara.

Mniko amenisomea barua yako. Alipofika mwisho alisimama, akauliza kama nataka maji. Nikamwambia nataka useme tena ule mstari wa tunda. Akausema. Nikaenda nyumbani.

Nikuambie yaliyotokea, maana mwenzako aliyebaki kwenye benchi hukuuliza alikwenda wapi. Hakurudi Takawiri. Alifanya vibarua vya kubeba mizigo hapa Rodi. Wiki iliyopita, asubuhi, nilikuwa uani na Nyakerario tunabangua karanga, nikamwona amesimama nje ya lango na shati lake jeupe, limeshachafuka. Sikuinuka. Nikasema, "Mgeni, unatafuta nini?"

Akasema, "Mama."

Nikasema, "Hapa kila bibi kizee ni mama. Unatafuta kazi?"

Akasema, "Ndiyo."

Nikamuuliza kama anajua shoka. Akasema anajua. Nikampitishia shoka la mume wangu juu ya ua, lile alilojifunzia kupasua kuni akiwa mdogo, na akalishika mahali palipokwisha kwa kushikwa. Nikamwonyesha mti wa yago, uko mpakani, nje, hakuhitaji kuvuka lango. Nikasema, "Ule. Wote. Mpaka chini."

Alikata mpaka jua likasimama juu ya kichwa. Kila mti ulipotikisika matunda yalianguka, tup, tup, na kila likianguka alisimama kidogo. Wazee wawili wakapita wakanung'unika, yago haukatwi ovyo, nikawaambia waje na lao la kunung'unikia. Nyakerario akaniuliza, "Turfena, mbona unakata mti uliotupa kaburi?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu ameniambia nimeshazoea."

Hakuuliza zaidi. Aliinuka, akaingia jikoni kwangu. Vikombe anajua vinapokaa, amevitumia miaka yote hii. Akatoka na maji ndani ya mtungi wa plastiki wa manjano. Akapita langoni, akauweka kwenye miguu ya mgeni, akarudi, akakaa, akaendelea na karanga zake.

Babako aliutazama ule mtungi. Jua lilikuwa kali na shati limemgandama mgongoni. Hakunywa. Aliinua shoka akaendelea.

Sijui Nyakerario anajua nini. Sikumuuliza siku ile na sitamuuliza. Jioni aliniaga kama kawaida, akabeba fungu la kuni za yago kichwani.

Nilimpelekea mgeni ugali na omena nje ya lango, kwenye sahani ya wageni. Nilitia chumvi nyingi. Alipoonja alifunga macho. Alipomaliza aliosha sahani mwenyewe, akasema, "Naitwa Obura." Nikamwambia jina hilo lina mwenyewe, amelala pale penye maua. Akaitikia kwa kichwa. Viganja vilikuwa vimetoka malengelenge, mtu wa nyavu hana mikono ya shoka. Nikachukua samli nikampaka, kama ninavyompaka mfanyakazi yeyote. Kiganja kimoja, kingine. Kisha vidole. Kwenye vidole nilikawia.

Akaenda. Hakuuliza kama arudi. Sikumwambia asirudi.

Mniko ameuliza kama kweli aandike hayo yote. Nimemwambia andika, mtoto huyu anachota matope, atajua pa kuyaweka.

Matunda nimeyachoma yote. Nilikaa kwenye moshi mpaka la mwisho likapasuka. Yago mwingine uko mbali, goti langu haliufikii, na wazee nimewaambia atakayethubutu kuchuma kwa jina lako nitamtemea usoni. Sasa hapa Uriri hakuna cha kukuzika. Nyufa au hakuna nyufa, sina kitu cha kuweka mahali pako. Ukianguka itabidi upande. Wakikata kamba, shika ukuta kwa kucha. Ulisema huko kila kitu hurudishwa, ukasema tena ulinidanganya. Mimi nimeshika lile la kwanza.

Hasira yako njoo nayo. Hata hiyo usiiache huko.

Karatasi hii itatoka kwenye mashine ya Mniko ingali moto. Nitaitemea mate mbele yake, ataniangalia vibaya, kisha ataipiga picha akutumie. Lile doa karibu na jina langu si wino. Ukiipata picha, iweke kifuani, upande wa koti ulio ndani.

Dani yako,
Turfena